Chumvi ya Dukani Siyo Bahari

Vijana wa Busisi, wiki hii nimeulizwa tena: "Bwana shamba, nikitia chumvi bwawani si nafuga kambamiti?" Hapana, hasa kama hela yenyewe ni ya mkopo. Ni kweli kambamiti anavumilia chumvi pungufu ya ile ya bahari, ambayo ni kama gramu 35 kwa lita. Lakini ili aishi, na gamba jipya likaze kila akijivua, anataka pia kalsiamu, magnesiamu na potasiamu. Chumvi ya dukani haina hizo za kutosha. Jongoo bahari wanaofugwa Zanzibar ndio kabisa, chumvi ikishuka sana wanakufa. Halafu hayo maji utayamwaga wapi? Kwenye nyanya za jirani? Aliyekwisha chukua mkopo aje ofisini kabla hajanunua chumvi, tuongelee vizimba vya sato.