Tusimdai Pesa ya Sanduku Tu



Kwenye matanga moja hapa Kilo wazee waliweka faini ya mbuzi wawili juu ya kijana ambaye hakufika kumzika mama yake mdogo. Kijana yuko Kampala. Alikuwa ametuma pesa ya sanduku, ya mchele, hata ya mafuta ya jenereta. Baba yake mkubwa akasimama: "Feza haichimbe kaburi! Na tena kazi gani hiyo, mutu anakaa mu chumba anachorea wazungu wenye hajaonaka?" Watu wakapiga makofi. Mimi nilinyamaza, na kama nisingenyamaza siku ile nisingeandika leo.

Kijana huyu nilimfundisha. Alipokuwa mwaka wa tatu wa sekondari alijaza kaye yake ya jometri na majina ya maduka ya Mongbwalu, akizikunja herufi zipendeze macho. Nilipasua ukurasa mbele ya wenzake, nikamfukuza darasani. Kurasa za namna ile ndizo zinamlisha leo. Mtu wa Kanada ama wa Ujerumani anamwandikia: nataka nembo ya duka langu la kahawa. Anachora tatu kwenye kompyuta, anatuma, yule anachagua moja, wanairekebisha, analipwa. Hawaonani hata siku moja. Alivuka Ziwa Albert mwanzoni mwa mwaka 2018 pamoja na maelfu ya watu wa Djugu, akapita kambi ya Kyangwali, kisha akaenda Kampala penye umeme na intaneti. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi ruhusa ya kufanya kazi. Basi anafanya.

Wazee wanasema kuishi kwa kazi ya ugenini si desturi yetu. Hapo napinga kabisa. Kilo hii tunayoijua imejengwa na watu gani? Dhahabu ilionekana hapa mwaka 1903, machimbo yakaanza 1905, na tangu pale wanaume waliletwa kutoka mbali, wengi kwa nguvu, maana wakubwa wa vijiji walitakiwa kutoa watu. Kompanyi ya Kilo-Moto ilipoundwa mwaka 1926 makambi yalikuwa yamejaa makabila. Kiswahili chenyewe tunachoandika humu kilipata nguvu katika makambi hayo. Wengi waliopiga makofi siku ya matanga ni wajukuu wa watu waliokufa mbali na makaburi ya baba zao. Kama kuna mbuzi waliodaiwa kwa ajili ya babu hao, hatujasikia nani aliwalipa.

Na wanaodai mtu aje mwenyewe, watuambie pia nani atamsindikiza. Barabara za Djugu zimeua watu wangapi tangu Desemba 2017? Ni kweli kaburi linataka mikono. Siku ile nilishika koleo mimi mwenyewe. Tulikuwa watu kumi na wawili, na nusu yao walikuwa wamekwisha kulewa kwa pesa ya huyo huyo asiyekuwepo.

Lakini vijana wasicheke mapema, maana nao nina neno juu yao. Ati dunia imekuwa kijiji, Kilo ya nini? Sasa tuangalie hesabu. Soko moja kubwa la kazi za namna hii kwenye intaneti, Fiverr, linakata 20 kwa mia ya kila malipo. Na mchoro ukisha kulipwa unakuwa wa mnunuzi; jina la aliyeuchora halionekani popote. Sisi watu wa dhahabu tunaijua biashara hiyo. Mchimbaji anatoka shimoni na unga wake, mnunuzi anaupima kwa mizani yake, na ukivuka mpaka hakuna anayeuliza ni mkono gani ulioutoa.

Tena wako majirani zetu wa msituni. Wanaume Wambuti wanapiga gome la mti mpaka linakuwa kitambaa laini, na wanawake wanakichora kwa vidole na vijiti, kwa maji ya tunda la gardenia yaliyochanganywa na makaa. Vitambaa hivyo vimefika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Mwaka 1995 kilitoka London kitabu kizima juu yake, cha Meurant na Thompson. Lakini mara nyingi kando ya kitambaa utasoma tu: Mbuti, Ituri. Mama aliyechora hana jina. Yeye ndiye mchoraji wetu wa kwanza aliyefanya kazi kwa watu wa mbali, na tazama alichopata.

Basi kosa liko wapi? Kosa letu ni kumfanya kijana wa Kampala kuwa sanduku la pesa. Mchimbaji aliyepelekwa Watsa hakuweza kuchimba Kilo siku hiyo hiyo. Huyu anaweza. Mchoro wake unafika Toronto kabla chai haijapoa, utashindwaje kufika Kilo? Watoto wa Banyali-Kilo wangesoma Kinyali vizuri zaidi kama wangekuwa na picha za vitu wanavyovijua. Na jalada la kijitabu chetu kilichopita, tulilolilipia mjini, lilikuwa na picha ya mnazi. Mnazi! Nani kati yetu amepanda mnazi hapa?

Kwa hiyo naiomba komiti ifute ile faini. Mahali pake tumdai kijana kazi: mchoro mmoja kwa mwaka, wenye jina lake chini, na tumlipe hata kidogo. Wasije wengine kusema "ni mwana wetu, afanye bure." Kufanyisha watu bure tulikuona zamani hapa hapa, kwenye mashimo.

Mimi nimeanza. Nilimwandikia, nikamwomba msamaha wa ule ukurasa, nikamtajia bei tunayoweza kwa jalada la kijitabu kijacho. Alijibu kwa maneno machache: anakubali, ila anataka kujua jina lake litaandikwa wapi, ndani ama nje. Nimeipeleka barua kwa komiti. Mpaka leo hawajajibu.