MTO UMETIWA KUFULI, UFUNGUO UKO OFISINI!

Ndugu msomaji, wewe kijana wa Manzese na Temeke unayeomba umeme usikatike uone mpira, twende Chumbi, Rufiji, tukavue siku moja tu.

Alfajiri niliingia mtumbwini na mzee mmoja mvuvi, katika ziwa la bondeni. Yeye upondo, mimi ndoano na nyambo. Mpaka jua la utosi tulikuwa na perege sita, wadogo kama kiganja, na kambale mmoja.

"Mzee, samaki wamekwenda wapi?"

Akacheka. "Mjukuu wangu, samaki wa humu huletwa na mto. Mto usipopanda, ziwa ni karai tu."

Umesikia? Maziwa ya bonde hili, Zumbi, Utunge, Ruwe na wenzake, hutegemea mafuriko yayaletee maji na samaki. Mrufiji amepanga maisha yake kwa mafuriko hayo tangu enzi za mababu. Serikali ilimhamishia nchi kavu mwaka 1968, lakini alirudi bondeni kulima na kuvua. Tumbo halihamishwi kwa amri!

Sasa mto una Bwawa la Julius Nyerere. Lilianza kujazwa Desemba 2022. Mitambo tisa, megawati 2,115. Hatupingi umeme. Anayekwambia tunapinga, hiyo ni danganya toto. Tunauliza: nani anaamua maji yashuke lini, na mvuvi anaambiwa na nani?

Aprili 2024 maji yalizoa nyumba na mashamba Rufiji na Kibiti. Wananchi wakalinyooshea bwawa kidole. Wakubwa wakasema ni mvua. Haya, iwe mvua. Lakini yakizidi mlalahoi anazama, yakipungua analala njaa. Mara zote mbili hana kauli!

Wasitwambie haiwezekani. Kamerun, bonde la Waza-Logone lilikaushwa na bwawa la Maga la mwaka 1979. Mwaka 1994 wakayaachia maji kwa makusudi. Nyasi zikarudi, samaki wakarudi.

Basi tunataka mawili. Ratiba ya maji ibandikwe kwenye kila ofisi ya kijiji. Na kila masika yaachiwe maji ya kutosha kufika maziwani, kwa taarifa, si kwa kushtukiza.

Kijana, usiku wa leo ukiwasha taa, kumbuka wale perege sita. Na mheshimiwa akija kuomba kura, usimwombe fulana. Mwulize ufunguo wa mto anao nani!