Tusiogope Kwenda Kazini kwa Baiskeli



Wengi wetu wa reli twakaa Makadara na Kaloleni, si mbali na kazi. Lakini kila siku twalipa nauli ya matatu, na baiskeli imeegemea ukuta nyumbani. Twaogopa malori ya Jogoo Road. Hofu hiyo si ya kitoto, maana magari huua. Lakini yaweza kushindwa.

Kwanza tujizoeze Jumapili asubuhi, magari yakiwa machache. Tukae kushoto, lakini tusijibane ukingoni mwa lami. Tuache kama mita moja, ili dereva atuone. Tusipite kamwe kushoto kwa lori lililo karibu kukata kona, maana dereva haoni vema upande ule. Tuoneshe mkono kabla ya kugeuka, na usiku tuwashe taa. Asiyezoea na afuatane na aliyezoea.

Hata hivyo, ujasiri peke yake hautoshi. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilitoa sera ya kutenga asilimia 20 ya fedha za barabara kwa ajili ya waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Basi chama chetu na kidai njia hizo, na sisi tutoke na baiskeli zetu. Asiyeonekana barabarani hahesabiwi.

Umoja ni nguvu.