Kura za Mtu wa Tatu: Magazeti na Umoja wa Chama katika Uteuzi wa Mgombea Urais

Kila unapowadia wakati wa chama kumteua mgombea wake wa urais, huzuka malalamiko yale yale kwamba magazeti yanakigawa chama. Viongozi huwashutumu waandishi kwa kuchochea makundi. Waandishi nao hujitetea kuwa wao ni kioo tu. Hoja zote mbili zina upungufu, na upungufu huo huonekana vizuri zaidi iwapo uteuzi wa Chama cha Mapinduzi wa mwaka 1995 utatazamwa kutoka Upareni, nyumbani kwa mgombea aliyeshika nafasi ya tatu, badala ya kutazamwa kutoka Dodoma.

Mwezi Julai 1995 Mkutano Mkuu wa CCM ulipelekewa majina matatu: Benjamin Mkapa, Jakaya Kikwete na Cleopa Msuya, mwana wa Usangi, ambaye wakati huo alikuwa Waziri Mkuu. Katika duru ya kwanza Kikwete aliongoza kwa kura 534, Mkapa akapata 459, na Msuya 336. Kwa kuwa hakuna aliyevuka nusu, Msuya alitoka, na katika duru ya pili Mkapa akashinda kwa kura 686 dhidi ya 639. Tarakimu hizi aghalabu hunukuliwa, lakini ni nadra kusomwa. Kati ya duru ya kwanza na ya pili Mkapa aliongeza kura 227, ilhali Kikwete aliongeza 105 tu. Kura ni siri, na yamkini wapo waliobadili msimamo bila ya kumhusu Msuya. Hata hivyo ni vigumu kukwepa ukweli kwamba Rais wa Awamu ya Tatu alipatikana kwa uamuzi wa watu waliokuwa wamemtaka mtu mwingine. Licha ya hayo, uteuzi ule husimuliwa kana kwamba ulikuwa mchuano wa watu wawili.

Sababu moja imo katika msamiati. Lugha ya magazeti kuhusu uteuzi imekopwa viwanjani na vitani: mbio za urais, kambi, mchuano, kigogo kubwagwa. Katika mbio anayetafutwa ni mshindi. Wa tatu hana habari. Chama kwa upande wake hutumia lugha ya nyumbani: ndugu, familia moja, na baada ya kura hutolewa wito wa kuvunja makundi. Lugha hizi mbili huonekana kupingana, lakini zinafanya kazi moja. Ya kwanza humgeuza mpiga kura kuwa shabiki. Ya pili humgeuza kuwa mgonjwa anayepaswa kupona. Hakuna inayomuuliza alikuwa na sababu gani.

Swali hilo lina uzito wake wilayani Same. Mji wa Same umekaa kando ya barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, na gazeti lilifika kwa basi. Lakini kupanda nalo hadi Chome, Suji, Mbaga au Mamba ni safari nyingine, na huko milimani mwaka 1995 chombo kilichosikika zaidi kilikuwa Radio Tanzania, sauti ya serikali. Msikilizaji wa milimani angeweza kulijua jina la mteule bila ya kujua ni hoja gani iliyomshinda mtu wa kwao. Na hao ni watu wenye historia ya kutaka hoja. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka hadi Same kupinga kodi ya mbiru. Hawakukataa kulipa kodi; walichokikataa ni namna ya kuwakadiria mali zao. Serikali ya kikoloni iliona ghasia mahali palipokuwa na mjadala wa hesabu. (Utani wa kuwa Wapare hupenda mno kesi una chembe ya sifa ndani yake, ingawa wataniaji hawakukusudia hivyo.)

Je, uwazi ungekivunja chama? Ushahidi unaelekea kinyume. Kikwete aliyeongoza kwanza kisha akashindwa kwa kura 47 hakutoka. Aliingia katika serikali ya Mkapa akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, na mwaka 2005 akateuliwa. Msuya naye alibaki. Walihesabiwa mbele ya wajumbe, na hesabu ikatangazwa. Mwaka 2015 mambo yalikuwa mengine. Wagombea 38 walirejesha fomu, na Kamati Kuu ikabakiza watano; jina la Edward Lowassa halikuwamo. Wajumbe watatu wa Kamati hiyo walijitokeza mbele ya waandishi kupinga, na kabla ya Julai kwisha Lowassa alikuwa amehamia Chadema, ambako alipata takriban asilimia 40 ya kura za urais. Hapo magazeti hayakuumba ufa. Yaliukuta, na kwa kukosa tarakimu yakaujaza tetesi.

Hii haina maana kwamba magazeti hayana hatia. Kabla ya uteuzi wa mwaka 2005 baadhi yake yalieneza tuhuma dhidi ya Salim Ahmed Salim kuhusu siasa za Zanzibar za kabla ya Mapinduzi, tuhuma zilizolenga asili yake kuliko sera zake. Gazeti linalokubali kuwa mkoba wa kundi haliwezi kudai kuwa kioo. Lakini kundi hupata nguvu hiyo pale chama kinapofanya hoja zenyewe kuwa siri: mwandishi asiyeambiwa sababu huuziwa uvumi, naye huuchapisha.

Mnamo Januari 2025 mkutano mkuu maalumu wa CCM mjini Dodoma ulimpitisha Samia Suluhu Hassan kuwa mgombea, na hapakuwa na jina jingine mbele ya wajumbe. Miezi minne baadaye Msuya alifariki dunia, akazikwa kwao Usangi. Alipata kuwa Waziri Mkuu mara mbili, na kwa siku moja ya Julai wajumbe 336 walimtaka awe Rais. Sababu zao bado hazijaandikwa, na wengi wa wajumbe wale sasa ni wazee.