Kobalti inatoka kwetu, tomati za mama zinaungua



Mwezi wa kumi unakaribia tena, na wenye mashamba wanaanza kuogopa. Mama yangu analima tomati nje ya mji, upande wa Kafubu. Mwaka jana, katika juma moja la jua kali, maua ya vitanda vitatu yalianguka yote. Matunda yenye yalikuwa yameshika yaliungua upande mmoja, yakawa meupe na laini. Pesa ya mbegu na mbolea ilitoka kwenye likelemba ya wamama wenzake. Tomati zilikwisha, deni likabaki.

Mimi mtoto wake niko na lisansi ya agronomia, na huu ni mwaka wa tatu sina kazi. Kwa hiyo mtu asiniambie kama ni mapenzi ya Mungu. Joto likipita digri 32 hivi wakati wa maua, chavua ya tomati inaharibika, ua halishiki, linaanguka. Tena mmea unajipoza kwa kutoa maji kupitia majani, sawa na sisi tunavyotoka jasho. Udongo ukikauka, jani linafunga vitundu vyake, jasho linakatika, jani linapata moto. Mambo hayo yanajulikana na yanaweza kupimwa.

Tuliyapima. Rafiki yangu mwenye alisoma informatike alitengeneza kapteri, ni kusema kifaa kidogo chenye kupima joto la hewa na maji ndani ya udongo, kisha kinatuma namba kwenye telefoni. Dola 22, pamoja na batri ya zamani na kikopo cha plastiki cha kukikinga. Tulichoona kilitupa haya sisi wasomi: mama alikuwa anamwaga maji kidogo kila asubuhi, juu kunaonekana kumelowana, lakini saa tano mizizi iko tayari kwenye ukavu. Tukahamia jioni, maji mengi, kila siku ya pili, na udongo tukaufunika na majani makavu. Kitanda cha nne kilipona. Kimoja tu, sababu tulichelewa.

Kapteri haileti mvua, hilo tuliseme. Mahali kisima kimekauka, itakuambia tu kama shamba linakufa. Kazi yake ni kuonya. Na kuonya mapema, siku nne au tano mbele, kunahitaji vituo vya hali ya hewa kila eneo na watu wa kuvitunza, na hiyo haiwezi kuwa kazi ya mama na ndoo yake. Ni kazi ya serikali. Ni wakulima wangapi wa Kipushi au Kambove wamekwisha kupata kwenye telefoni ujumbe wa Kiswahili wenye kusema: kuanzia Jumatano jua litakuwa kali, mwagilieni leo jioni? Wengine wanasema eti wakulima hawataelewa. Wamama wanaotumiana pesa kwa telefoni kila siku, washindwe kusoma mstari mmoja!

Jibu lingine ni "pesa hakuna". Hakuna wapi? Kongo inatoa karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia, na sehemu kubwa sana inachimbwa Lualaba na Haut-Katanga. Tangu mwaka 2018 kobalti iko madini ya mkakati, mrabaha wake ni asilimia 10. Sheria ya migodi ya mwaka huo huo inagawanya mrabaha hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 komine, sekta ao uchifu wenye mgodi, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Magari ya umeme ya Ulaya na China yanatembea na kobalti ya hapa, na hesabu ya joto ndani ya gari inafanywa kila sekunde ili batri isiungue. Mama yangu anapima joto na kiganja.

Mwezi wa pili tulipeleka mradi wetu, kurasa sita, kwenye ofisi moja ya mji huu. Bwana wa pale aliusoma dakika mbili, akauliza kama kuko mfadhili mzungu, kisha akaomba matabishi ili aandike tu kwamba barua imeingia. Tulirudi kwa miguu.

Na msifikiri ni shauri ya tomati tu. Tarehe 29 Februari 2024 raisi wa Zambia alitangaza ukame kuwa janga la taifa. Karibu hekta milioni moja ya mahindi iliharibika kule. Mahindi hayakuvuka tena Kasumbalesa kama zamani, na hapa Lubumbashi bei ya unga ikapanda. Nani kati yenu amesahau? Tuko na ardhi, tuko na mito, na bukari yetu inategemea mvua ya jirani.

Msituletee basi sherehe ya drone na utepe wa kukata. Bukanga-Lonzo ilifunguliwa mwaka 2014 na mashini mpya na ahadi ya hekta 80 000, tunajua ilivyoishia. Tunataka vitu vidogo: gavana na wakubwa wa komine na sekta zenye migodi watangaze walipokea kiasi gani kwenye ile 25 na ile 15, na ngapi imefika shambani. Kisha vituo vya hali ya hewa, visima vyenye pampu ya jua, ujumbe wa SMS bila kudai megabaiti, na maagronomu wenye kukaa nyumbani wapewe kazi ya kutembelea mashamba.

Jumatatu saa tatu asubuhi tutapeleka barua hii kwenye ofisi ya gavana, na hatutaondoka bila muhuri wa kupokea. Mwenye shamba lake liliungua aje, abebe tawi moja mkononi.