Fedha ya Mavuno Haifiki Masika

Wakulima wenzangu, kila mwaka jambo lile lile hutokea katika nchi yetu ya kando ya Ziwa. Mwezi wa Julai na wa Agosti mahindi yakivunwa, masoko ya Ahero, Katito, Kombewa na Kibuye hujaa magunia, na bei hushuka. Mwenye shamba huuza, tena huuza upesi, maana karo ya shule yangoja, deni la duka langoja, na mgonjwa naye hangoji. Halafu ifikapo Aprili na Mei, mtu yule yule aliyeuza kwa gunia hurudi sokoni kununua kwa gorogoro. Mahindi ni yale yale, lakini bei si ile ile.

Wako watu wasemao ya kuwa mkulima wa Nyanza hajui akiba. Akipata fedha huimaliza matangani, na mvua ikinyesha huja kulia kwa Serikali apewe mbolea. Maneno hayo nimeyasikia barazani, nimeyasikia dukani, hata ndani ya matatu. Nataka kuyajibu leo, si kwa hasira bali kwa hesabu. Hesabu yenyewe sikuitunga mimi. Imefanywa na wataalamu wa vyuo vikuu, hapa hapa magharibi ya Kenya, katika mashamba na masoko tuyajuayo.

Mtu akisikia neno “uchumi” hudhani ni habari ya mabenki ya Nairobi na mikutano ya mawaziri. Sivyo. Uchumi ni habari ya gunia lako na mfuko wako. Mwaka 2019 wataalamu watatu, Abhijit Banerjee, Esther Duflo na Michael Kremer, walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi yao ya kuchunguza umaskini kwa majaribio. Huyo Kremer alipokuwa kijana aliwahi kufundisha shule huku kwetu magharibi, na baadaye majaribio yake mengi aliyafanya Busia, mwendo wa saa chache kutoka Kisumu kwa njia ya Maseno, Yala na Ugunja. Basi elimu iliyosifiwa huko Ulaya ilichimbwa katika udongo wetu. Je, wangapi kati yetu tumeambiwa ilisema nini?

Kwanza ilisema habari ya mbolea. Duflo, Kremer na mwenzao Jonathan Robinson walipima mahindi katika mashamba madogo ya wakulima wenyewe, si katika shamba la maonyesho. Waliona ya kuwa nusu kijiko cha chai cha mbolea ya kukuzia kwa kila shimo la mahindi humrudishia mkulima fedha yake pamoja na faida nzuri. Tena waliona jambo la kutufikirisha sisi wa idara: kwa mkulima wa kawaida wa huko, kufuata maagizo yote kamili, yaani mbegu ya kisasa, mbolea ya kupandia na ya kukuzia kwa kipimo kikubwa, hakukuleta faida. Kidogo kilicho sawasawa kilishinda kingi.

Lakini kama faida ipo, mbona wengi hawatumii? Waliulizwa. Karibu wote walijibu ya kuwa wananuia kutumia mbolea msimu ujao. Msimu ulipofika, waliotumia kweli walikuwa zaidi kidogo ya theluthi moja. Je, walisema uwongo? La. Walinuia kwa moyo wote, lakini walinuia wakati wa mavuno, fedha ikiwa mkononi; na mbolea yatakiwa wakati wa mvua, fedha ikiwa imekwisha kwenda zake.

Ndipo wataalamu hao walipojaribu dawa ndogo sana. Mara tu baada ya mavuno walimwendea mkulima nyumbani wakamwambia: “Ukilipa leo, mbolea yako italetwa hapa mlangoni bila malipo ya kuileta.” Basi, hilo tu. Watumiaji wa mbolea wakaongezeka, wakawa karibu sawa na wale walioongezeka kwa kupunguziwa nusu nzima ya bei baadaye, wakati wa kukuzia. Lakini kuletewa mbolea nyumbani bila malipo ya usafirishaji, kulipotangazwa baadaye msimu ukiwa umekwisha kuendelea, hakukuzaa matunda. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2011. Maana yake ni kwamba mkulima hakukosa akili wala hamu. Alichokosa ni kukutana na mbolea siku ile fedha ilipokuwa mkononi mwake.

Pili, habari ya mahindi yenyewe. Marshall Burke, Lauren Bergquist na Edward Miguel walifanya majaribio yao upande wa Bungoma, na makala yao yalitoka mwaka 2019. Wakulima walipewa mkopo wakati wa mavuno, mahindi yaliyo ghalani yakiwa ndiyo dhamana. Kwa mkopo huo waliweza kulipa yaliyowabana bila kuuza chakula, wakangoja bei ipande. Faida waliyoipata juu ya mkopo ilikuwa kama asilimia 29.

Tuchukue mfano wa hesabu, wa kueleza tu. Mtu ana magunia matatu. Ayauza Agosti kwa shilingi 3,000 kila gunia, apata 9,000. Mwezi wa Mei bei imefika 4,000, naye anunua mawili ya kulisha watoto, atoa 8,000. Katika jasho lake lote la magunia matatu, gunia la tatu limembakizia shilingi 1,000 tu! Laiti angaliuza moja tu Agosti kwa 3,000 na kuyaweka mawili, asingalinunua hata gorogoro moja. Hakuna mwizi aliyeingia shambani kwake. Kilichomnyang'anya ni kalenda.

Tatu, habari ya kuweka fedha. Robinson huyo huyo na Pascaline Dupas waliwaendea wanachama wa vyama vya kuchangiana, vile vile vyama vyetu vya merry-go-round. Wengine waliwapa sanduku dogo la chuma lenye kufuli, na ufunguo wake wakaachiwa wenyewe. Mwaka ulipokwisha, wenye sanduku walionekana wametumia fedha nyingi zaidi kwa afya ya nyumba zao, kwa nyongeza ya theluthi mbili hivi. Sanduku halizai riba, wala mwenye ufunguo hazuiwi kulifungua. Nguvu yake ni nini? Ni kwamba fedha iliyo mfukoni haina jina, na fedha isiyo na jina ni ya kila aombaye. Ndugu akija, shemeji akija, jirani akija, kumnyima ni vigumu katika desturi yetu, na si vibaya kuwa ni vigumu. Lakini fedha iliyo sandukuni imekwisha kupewa jina, nayo ni ya dawa. Mtu aweza kusema, “Hiyo si yangu, ni ya dawa,” na mwombaji akaelewa bila kununa.

Tazameni basi ya kuwa habari hizi tatu zasema neno moja. Shida ya mkulima wetu si uvivu, wala si ujinga. Fedha yake huja mara moja, na haja zake huja miezi kumi na miwili. Mwenye mshahara huipata fedha kila mwezi, na mvuvi wa Dunga ziwa likikubali huiona kila siku. Mkulima huiona Agosti. Kwa hiyo siku za kuamua mambo ya mwaka mzima ni zile wiki mbili tatu za mavuno. Zikipita, mashauri mengine yote ni ya kuchelewa.

Wazee wetu walilijua jambo hili bila chuo kikuu. Katika boma la Kijaluo dero haikujengwa kwa urembo, na mama wa nyumba alijua chakula chake kitafika mwezi gani. Walisema akiba haiozi. Lakini mimi naongeza: akiba ya mahindi huoza, kama hayakukauka. Nchi yetu ya Ziwa ina unyevu, na mahindi mabichi ghalani huota ukungu wenye sumu iuayo watu. Yakaushwe hata unyevu usizidi sehemu 13 na nusu katika mia, yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo, kisha yatiwe katika mifuko isiyopitisha hewa ili fukusi na dumuzi wafe humo ndani. Asiyeweza kuyakausha heri auze, maana kuweka uozo si akiba.

Wala sitaki kumdanganya mtu ya kuwa bei hupanda kila mwaka. Upo mwaka ambapo mahindi ya kutoka nje huingia kwa wingi na aliyengoja hapati faida. Kwa hiyo sisemi, “Usiuze hata kidogo.” Nasema, “Usiuze yote, na kwanza toa ya kula.” Chakula cha nyumbani si biashara ya kubahatisha. Hata bei isipopanda, hukununua cha kula kwa mtu mwingine.

Jambo hili si la mtu mmoja peke yake. Katika majaribio ya Bungoma, mahali ambapo wakulima wengi walipewa mikopo, bei ya wakati wa mavuno haikuanguka sana, na ya wakati wa njaa haikupanda sana, hata jirani asiyekopa akafaidi. Na huko Siaya, katika nchi ya Alego, Ugunja na Ukwala, tangu mwaka 2014 nyumba zaidi ya 10,500 zilipewa fedha taslimu, kiasi cha dola 1,000 kila nyumba. Wataalamu walizunguka vijiji 653 wakipima. Waliona kila dola iliyoingia ilizunguka kwa fundi, kwa muuza duka na kwa kibarua, ikaleta kiasi cha dola mbili na nusu katika uchumi wa mahali pale, na bei za vitu hazikupanda ila kidogo mno. Hivyo shilingi ibakiayo kijijini humlisha na asiyeishika.

Sasa niseme lililo moyoni mwangu. Mimi ni karani, na wenye kuja dirishani kwangu huja mwezi wa Machi, foleni ndefu hata nje ya ua. Mwezi wa Agosti ni nadra kumwona mtu. Serikali ilishusha bei ya mfuko wa mbolea wa kilo 50 hata shilingi 3,500 mwaka 2022, na 2,500 mwaka 2023, na huo ni msaada mkubwa. Lakini bei nafuu inayokuja wakati mfuko wa mkulima ni mtupu humfaa zaidi mwenye fedha. Kwa maoni yangu, mbolea ya masika ianze kuuzwa wakati wa mavuno, karibu na masoko ya mahindi yenyewe, ili mtu auze gunia mkono huu na kununua mbolea mkono huu.

Vyama vya ushirika navyo vifikirie mikopo ya mavuno. Sheria ya stakabadhi za ghala tunayo tangu mwaka 2019, lakini mkulima wa magunia matano hajaiona faida yake ikiwa ghala li mbali naye. Na walimu wakuu, ambao nazungumza nao kama mtu niliyesomea ualimu, wajue ya kuwa muhula wa tatu hufunguliwa mwishoni mwa Agosti, wakati bei ya mahindi iko chini kabisa. Mzazi aletaye mahindi kwa jiko la shule, au aombaye kulipa kwa mafungu, asirudishwe. Kumfukuza mtoto wiki ile ni kumlazimisha baba yake kuuza chakula cha Mei.

Tena wataalamu wa vyuo nao wana deni. Huja wakatuuliza tuna kuku wangapi, tumekula mara ngapi, tumekopa kwa nani. Nasi huwajibu kwa adabu. Aliyeulizwa swali ana haki ya kuambiwa jibu, katika baraza la chifu, kwa lugha aijuayo. Kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya wenye vyuo hakimsaidii mama wa Kombewa aliyetoa habari zake.

Basi, wakulima wenzangu, mavuno yajayo yasipite kama yaliyopita. Kabla dalali hajaegesha lori lake, mume na mke wakae pamoja, watenge kwanza magunia ya kula, kisha ya mbegu na mbolea, kisha ya karo, ndipo wauze kilichosalia. Mbolea inunuliwe juma lile lile, hata ikiwa ni ya nusu ekari, na chama chenu kinunue sanduku moja la kufuli kama hamna benki karibu. Fanyeni hivyo kwa gunia moja tu mwaka huu. Mwezi wa Mei likiwa bado lipo, mtajua wenyewe kama nilisema kweli.