Yoga si michezo tu, wala si uchawi



Tangu wenzetu wachache wa internati walipoanza kufanya yoga asubuhi mbele ya kengele, masomo yetu iko na makundi mawili. Kundi moja linasema: ni michezo tu, sawa na jimnastiki. La pili linasema: ni mashetani, wafukuzwe. Mimi nawaza kwamba makundi yote mawili hayajatafuta kujua kitu wanachosema.

Tuanze na wale wa michezo. Neno yoga ni la Kisanskrit, na mzizi wake ni kufunga nira, kuunganisha. Hatha maana yake ni nguvu. Kitabu chake kikubwa, Hatha Yoga Pradipika, kiliandikwa na Svatmarama kule Uhindi karibu na karne ya 15. Kiko na sura nne: mikao ya mwili, pumzi, kuongoza nguvu za ndani, na mwisho samadhi, ndiyo utulivu ambamo akili inaacha kutangatanga. Mikao inayoelezwa mle ni 15 tu, na hakuna hata mmoja wa kusimama. Svatmarama mwenyewe anasema hatha ni ngazi ya kupandia yoga ya juu zaidi. Sasa mtu akikuonyesha ngazi na kukuambia "hizi ni kuni tu", amekudanganya, hata kama kweli ni miti.

Anayenyoosha mgongo mbele ya kuingia darasani hafanyi kosa. Benchi zetu zinaumiza, kila mtu anajua. Lakini akisema anafanya yoga, ajue ngazi hiyo inapanda wapi.

Na ninyi wa mashetani, uchawi muliuona wapi? Katika mafundisho ya Patanjali, ya zamani kuliko ya Svatmarama, hatua ni nane, na mkao wa mwili ni ya tatu. Ya kwanza ni kutotesa, kusema kweli, kutoiba, kutawala tamaa, kuacha choyo. Anayeiba sabuni ya mwenzake katika internati (tunawajua!) hajafika hata pa kukaa chini na kuvuta pumzi. Uchawi gani unaanza namna hii?

Ulizo la kweli kwa Mkristo liko pengine. Hatha inafundisha kwamba mtu, kwa bidii ya mwili na pumzi, anapanda mpaka kufunguliwa. Sisi Waprotestanti tulifundishwa kwamba neema hainunuliwi kwa bidii. Mungu ndiye anashuka. Hapa njia zinaachana, na si vizuri kulifunika jambo hilo.

Wakatoliki walilijadili mbele yetu. Déchanet, mtawa wa abasia ya Saint-André karibu na Bruges, abasia ile ile iliyotuma watawa Katanga tangu 1910, alitoa mwaka 1956 kitabu cha kufundisha Wakristo watumie mikao na pumzi ili waombe vizuri. Mwaka 1989 kadinali Ratzinger aliandika toka Roma. Hakukataza kila kitu, lakini alionya watu wasichukue raha ya mwili kuwa faraja ya Roho Mtakatifu. Onyo hilo si la kanisa letu, lakini mimi nalikubali kabisa. Mmoja wa wenzetu aliniambia: "Nilisikia amani, basi Mungu alikuwapo." Amani ya mtu aliyepumua vizuri ni njema. Lakini hata aliyeshiba ugali akalala anaisikia.

Tena tusijisifu. Angalieni ibada yetu ya asubuhi: tunaegemea ukuta, tunafunga macho, wengine wanasinzia kabisa, mmoja anaomba harakaharaka kwa ajili ya wote. Daudi alicheza mbele ya sanduku la agano, alilala chini juu ya udongo, aliketi mbele ya Bwana. Sisi mwili tunauacha mlangoni kama viatu vyenye matope. Mhindi anayekaa wima akinyamaza mpaka jua linatoka anatupita kwa kiu, hata kama hatukubali kisima chake.

Kwa hiyo naomba mambo mawili kwa direkta wa internati na kwa pasta wetu. Wenzetu wale wasiadhibiwe, bali waitwe Siku ya Posho waeleze mbele yetu sote wanatafuta nini. Na tupewe dakika kumi za kunyamaza mbele ya ibada, pasipo wimbo wala hotuba, kila mtu amekaa wima na Zaburi imefunguliwa mikononi. Mwenye kuwaza namna ingine aandike, kurasa ziko.

Mwanafunzi wa mwaka wa sita